Madirisha ya Juu

Palikuwa na bibi mmoja huko Uingereza. Msiniulize kijiji gani, maana mimi nchi nyingi nimezijua kwa kupotea njia. Bibi huyu utotoni alisoma katika shule ya mawe. Shule hasa! Paa limechongoka, kengele juu, milango miwili, wa wavulana na wa wasichana, na juu ya kila mlango imechongwa kwenye jiwe nani apite wapi. Na madirisha, ndugu zangu, yalianzia juu ya kichwa cha mwalimu. Makusudi! Mtoto apate mwanga lakini asione nje, asije akaacha hesabu akatazama ng'ombe.

Shule ikafungwa, kanisa likaichukua, ikawa ukumbi wa parishi. Humo watu wakanywa chai baada ya ibada, wakacheza harusi, wakafarijiana baada ya mazishi. Bibi naye akazeeka, miguu ikamgomea, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Na milango yote miwili ina ngazi. Basi kila Jumapili chai yake ikaletwa nje, imefunikwa kisahani, na aliyeileta akakimbilia ndani kukwepa baridi.

Bibi akachoka. Chai hata kwake ilikuwepo. Alichotaka ni watu. Akamwendea mwenyekiti wa ukumbi.

"Dirisha moja tu," akamwambia. "Likateni mpaka chini liwe mlango, mniwekee mteremko."

"Bibi yangu, madirisha yale ni urithi wetu!"

"Mimi nilichapwa kwa kupanda dawati nichungulie dirisha hilo. Usinifundishe urithi."

Mwenyekiti akajikuna kidevu. "Haya. Alhamisi tuna kikao. Njoo ujieleze mwenyewe."

Kikao kikafanyika wapi? Niambieni! Humo humo ukumbini.

Alhamisi jirani akamsukuma hadi chini ya ngazi, akawahi kazini. Mvua ikaanza. Bibi akaita. Ukuta ule ni mnene, sauti haipenyi. Akagonga ngazi kwa mwavuli. Ndani wanaimba wimbo wa kufungua kikao. Akainua macho: taa zinawaka, dari anaiona, uso haoni hata mmoja. Na wao wakitazama dirishani wanaona mawingu tu. Jengo lilikuwa linafanya kazi yake sawasawa.

Walipotoka wakamkuta ameloa chapachapa.

"Jamani, Bibi!" mwenyekiti akasema. "Tumekungoja! Mwisho tukasema, kama mwenye shida mwenyewe hakuja, basi shida haipo. Tumeshapiga kura."

"Nilikuwa hapa."

"Si ungeingia?"

Mnacheka. Mimi sicheki. Nina hasira, na hasira yangu haikuomba viza ya Uingereza, ni ya hapa hapa. Wale angalau walirithi. Sisi ngazi za kanisa letu hili tumezijenga wenyewe, kwa harambee, tukazifanya ndefu kwa sababu zinapendeza kwenye picha za harusi. Mimi na kitambi hiki nikifika juu nahema kama pampu ya baiskeli, na bado nazisifia! Kisha tukafunga spika nje, tukasema walio nje wanasikia. Ndugu zangu, hiyo si ndiyo chai iliyofunikwa kisahani? Wanatusikia. Sisi tunawasikia lini? Tunasimama humu ndani tunauliza, "Kuna mwenye neno?" Kimya. Tunasema amina, tunaendelea.

Mzee Kaduma, fundi viatu wetu, yuko chini pale sasa hivi kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, juani, ananisikiliza. Mzee, shikamoo. Najua umeitikia. Humu ndani hakuna aliyesikia.

Waya wa maikrofoni hii unaishia mlangoni. Kuanzia hapo nitapiga kelele, Mungu alinipa koo. Wazee wa kanisa, tangulieni. Kila mtu abebe kiti chake. Kikao cha ngazi kinafanyika leo, chini ya ngazi, na wa kwanza kusema si mimi.