Hati ya Kuwahamisha Tembo

Palikuwa na sultani mmoja, Mwidadi bin Shee, aliyejaaliwa kila kitu ila kutosheka. Siku moja akasikia kwamba bondeni Nambande, kando ya chemchemi wanayokunywa watu na tembo, ardhi inatoa hewa inayowaka. Siku hizi tunaiita gesi. Zamani zile waliiita muujiza, na muujiza ukitokea, wa kwanza kuutaka ni mkubwa.

Aliyeugundua ni Likupila, mrina asali, maskini wa kutupwa, ila mdomo wake haukuujua umaskini. Tembo walikuwa wamefukua shimo wakitafuta chumvi. Likupila akawasha mwenge kando ya shimo hilo ili afukize nyuki. Loo! Moto ukamlamba nyusi zote mbili, na mwali ule haukuzimika tena.

Sultani akamwita barazani. "Moto huo ni wangu. Ndani ya siku saba kijiji chenu kihame. Bonde zima nalizungushia ukuta."

"Na tembo, bwana?" akauliza waziri.

Sultani akamtazama Likupila, akaangua kicheko. "Huyu asiye na nyusi si ndiye jirani yao? Awapelekee hati ya kuhama. Siku ya saba wasipokuwa wameikubali, namkata kichwa."

Nyumbani, mkewe Bi Somoe alilia. "Mume wangu, nyusi zitaota. Kichwa hakioti!"

Likupila aliogopa, asikudanganye mtu. Siku tano alizunguka na hati kwapani. Siku ya sita akaitandaza hati kwenye njia ya tembo, akapanda mti, akangoja.

Siku ya saba akaingia barazani huyo, anatabasamu. Hati imejaa tope, na katikati pana alama ya mguu, pana kama ungo.

"Nini hii?" akafoka Sultani.

"Sahihi yao, bwana. Wamekubali."

"Wanahama lini?"

"Ijumaa. Ila waliuliza, wahamie wapi? Maana hati imesema watoke, haikusema waende wapi."

"Waende popote penye maji!"

"Ndivyo nilivyowajibu. Na nchi hii, bwana, maji ya kiangazi yako mahali pawili tu. Chemchemi yetu, na birika la bustani yako."

Sultani akageuka dirishani. Migomba yake ile, miwa yake ile, birika lake la marumaru lile. Jasho likamtoka.

"Wako wangapi?"

"Arobaini na wawili, bila wajukuu. Na sisi wanakijiji tuko nyuma yao, tumezoea kunywa pamoja."

Waziri akajifuta uso kwa kilemba ili asionekane anacheka.

"Mwongo mkubwa wewe!" Sultani akaruka. "Tembo hasemi! Tembo hajui kusoma!"

"Taibu, bwana. Sasa ile hati uliniandikia niwapelekee ya nini?"

Baraza zima likainamisha vichwa. Mabega yanatikisika.

Sultani akashusha pumzi. "Kwa hiyo moto wangu niuache?"

"Nani kasema uache? Hewa ile inatoka hata nyuma ya kilima, kwenye mawe, ambako hanywi mtu wala mnyama. Chimba huko, na mwali mmoja ufike majikoni kwetu, mke wangu amechoka kuokota kuni. Chemchemi na njia ya tembo uviache. Sisi warina asali tuna desturi. Ndege mlembe akikuonyesha nyuki, unamwachia sega lake. Na shimo la moto, bwana, nani alilifukua?"

"Tembo," Sultani akanung'unika. Akaitazama tena miwa yake. Halafu akamwambia waziri, "Kwenye hati, futa chemchemi. Futa njia. Futa na kijiji. Andika nyuma ya kilima. Na huo mwali wa jikoni... haya, andika."

Waziri akaandika mbiombio. Likupila akajishika shingo, akaikuta ipo.

Lakini mkubwa hapendi kushindwa mbele za watu. Sultani akainua kidole. "Hebu niambie, mrina asali. Mlembe akinyimwa sega hufanya nini?"

"Safari ya pili humpeleka mtu kwa simba, bwana."

"Haya, na mimi kesho nikibadili nia, nikamnyima tembo sega lake, atanipeleka wapi?"

"Tembo hampeleki mtu popote, bwana," akasema Likupila. "Anakuja mwenyewe."