Gati la Mama Mkwe

Wapendwa, leo ninao ndugu wanne wa tumbo moja na mama mkwe mmoja. Mama mkwe huyo hakuwa mwembamba. Naomba mlielewe hilo mapema, nisije nikaulizwa mlangoni baada ya ibada.

Ndugu hao walikaa kwenye mwalo mmoja wa ziwani, yaani kituo cha boti, usiokuwa na gati. Maji ya pale ni ya kiunoni, chini kuna mawe ya utelezi, boti haifiki ufukweni. Kwa hiyo abiria anabebwa. Ndiyo, mgongoni, mtu mzima na heshima zake na suti yake! Na wabebaji walikuwa ndugu hao wanne peke yao. Baba yao alibeba, babu yao alibeba.

Siku moja mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. "Ndugu zangu, tujenge gati. Juzi mwalimu mkuu kadondoshwa majini na vyeti vyake."

Kaka mkubwa akasimama. "Gati la nini, mwenyekiti? Migongo ipo. Na huyo mwalimu alikuwa anajitikisa."

Watu wakacheka mpaka basi, mkutano ukaisha. Wajawazito walikuwa wanabebwaje? Na wazee wenye nyonga mbovu? Hakuna aliyeuliza. Mnacheka? Haya, chekeni, nitawasubiri.

Sasa mke wa huyo kaka mkubwa akajifungua kwa kupasuliwa. Hawezi kuinama, hawezi kuteka maji, mtoto analia. Akaagiza mama yake aje amtunze. Siku ya tatu boti ikaingia, mama amekaa mbele kabisa, pale pa kushukia, na kapu la unga wa uji na kuku wawili. Nahodha akazima injini akaita, "Wabebaji!"

Hakuna aliyesogea. Ninyi watu wa ziwani mnajua sababu. Mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Mkono hampi. Akimwona njiani anaingia kwenye mihogo ampishe. Na ukioa wewe, ndugu zako wote wamekuwa wakwe pamoja nawe. Sasa nifanyieni hesabu: mwalo mzima una migongo minne, na yote minne ni ya wakwe. Na kwa kuwa mama amekaa pale pa kushukia, hata abiria wengine hawabebeki bila kumkaribia yeye.

Avuke mwenyewe? Apandishe kanga mpaka kiunoni mbele ya wakwe wanne? Afadhali azame. Nahodha alimtazama yule mama, akajitazama na yeye, akasema mgongo unamsumbua tangu jana.

Tena wakwe hawa hawasemeshani ana kwa ana. Wako hatua kumi na tano, kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini maneno sharti yapite kwa nahodha.

"Nahodha, mwambie mama shikamoo," akaita kaka mkubwa.

"Anasema shikamoo."

"Mwambie mkwe marahaba. Mwambie mwanangu ana kidonda tumboni, na mimi niko hapa nachunga kuku ndani ya boti."

"Anasema kwamba..."

"Nimesikia!" akapiga kelele mkwe.

"Na mimi nasema," akaongeza nahodha, "adhuhuri naondoka. Asiyeshuka narudi naye."

Habari ikafika nyumbani. Mke akajibu akiwa amelala palepale kitandani: "Mama akirudi na boti hiyo, mimi na mtoto tunarudi naye. Nitatambaa, lakini nitafika." Kaka mkubwa akaogopa kwelikweli. Alimpenda mke wake, na alimjua: akisema atatambaa, atatambaa.

Basi mgongo uliposhindwa, akili ikaamka. Nyuma ya nyumba kulikuwa na nguzo za mikaratusi za banda la ng'ombe, zimelala miaka sita. Zikabebwa. Zikakosekana mbao za kukanyagia, ukang'olewa mlango. Haukutosha. Wakarudi, wakasimama wanakitazama kitanda, wanaona aibu kusema. Mke akawaambia, "Nishusheni mkekani, mkichukue. Mnangoja nini?" Kitanda kikaenda ziwani.

Kabla ya adhuhuri gati lilikuwa limesimama; kipande cha mwisho, cha kufikia kwa mama, alikilaza nahodha. Ndugu wanne wakakimbilia kwenye mihogo. Mama akashuka na kapu lake, akatembea juu ya mlango, juu ya kitanda, hatua kwa hatua, mkavu mpaka kisigino.

Hapo ndipo kaka mkubwa akatoa sauti kule kwenye mihogo: "Haya, ng'oeni! Mama ameshapita. Hao wengine ni abiria tu, hao ni wa mgongoni."

Na nyuma ya mama alikuwa anashuka mjamzito. Nyuma yake, babu mwenye fimbo.

Mama akasimama. Akageuka, akarudi katikati ya gati, akatandika kanga, akakaa. Kisha akasema, "Nahodha, mwambie mkwe nimechoka na safari. Napumzika kidogo."

Nani atamwondoa? Mniambie! Wanaume wanne wenye nyundo, na hakuna wa kumsogelea. Mjamzito akapita kando yake, mkavu. Babu akapita na fimbo yake. Ikaja boti ya pili, ikaja ya tatu, mama bado anapumzika. Mtoto aliletwa palepale, akamwogesha palepale. Hakuinuka mpaka wakwe walipomwapia, kwa kinywa cha nahodha wa boti hiyo ya tatu, kwamba hakuna ubao utakaong'olewa.

Wiki iliyofuata wakaja wazee wa mwalo wa jirani: "Na sisi tujengeeni." Kisha mwalo mwingine, na mwingine. Leo ndugu hao ni kampuni, wana fulana zenye jina la ukoo, wamejenga magati kumi na moja. Ukiwauliza wazo lilitoka wapi, wanasema, "Tulionelea tuwasaidie wananchi." Mke wa kaka mkubwa anakohoa.

Wapendwa, sasa tuache kucheka kidogo. Watu wale hawakukosa nguzo, wala nyundo, wala ufundi. Gati lilikuwa nyuma ya nyumba miaka sita. Kilichokosekana ni mtu waliyemwonea haya.

Na sisi? Mwezi uliopita alikuja askofu. Tulijenga jukwaa kwa siku moja, na zulia juu. Jumatatu tukalibomoa. Sikatai, lilipendeza. Lakini Bibi Nyanjige yuko pale nje ya dirisha, kwenye kiti chake cha magurudumu, tangu Pasaka. Mlango wetu una ngazi tatu. Mwanzoni vijana walikuwa wanamnyanyua kama gunia, siku moja gauni likafunuka mbele ya kwaya, akasema basi, atasikilizia nje. Juzi mvua ilinyesha, akasikilizia mvuani, na sisi tukaimba kwa sauti ili asikie.

Mbao za jukwaa ziko nyuma ya jiko la kanisa, nimeziona asubuhi. Mafundi nimewahesabu wakati wa kwaya, mko saba. Bibi Nyanjige hakuzaa, hana binti aliyeolewa na yeyote kati yetu. Sasa tunasubiri awe mkwe wa nani?

Tusimame tuombe. Mafundi, tukisema amina, msiende nyumbani.