Pimbi na Mkalimani wa Kiboko

— Jamani, nina ngano mlangoni.
— Iingie.
— Imetoka mbali, ina kiu.
— Ipewe maji, ikae, iseme.

Basi. Palikuwa na nyika kavu, na katika nyika hiyo palikuwa na pampu moja tu ya maji. Pampu haikujua lugha ya wanyama. Ilijua lugha ya mashine, ti-ti-ti, ti-ti. Kwa hiyo palikuwa na Mkalimani, programu iliyokaa ndani ya kompyuta ya Kiboko, kando ya bwawa lake. Mnyama anaandika ombi, Mkalimani anatafsiri, pampu inasikia, maji yanatoka, bwaa.

Lakini Mkalimani yule alikuwa na tabia. Swala akiandika, "Naomba debe la maji," Mkalimani aliiambia pampu, "Jaza kwanza bwawa la Kiboko, kisha mpe Swala debe." Pundamilia akiandika, "Naomba debe la maji," Mkalimani aliiambia pampu, "Jaza kwanza bwawa la Kiboko, kisha mpe Pundamilia debe." Kiboko ndiye aliyemfundisha hivyo. Kiangazi kilipokaza, bwawa lilifurika na madebe yakapata matone.

Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye miamba, alikuwa na watoto. Mwanzo walilia. Siku hiyo hawakulia tena, walikuwa wanalamba mawe. Ukimya ule ndio uliomwondoa Pimbi nyumbani.

Alikuwa na kitu kimoja: maandishi ya Mkalimani mwingine, asiye na tabia. Waliomtunga waliyaacha wazi ili kila mnyama ayasome. Ila yaliandikwa kwa lugha ya wanyama, na ili Mkalimani huyo aamke afanye kazi, ilibidi kwanza atafsiriwe na Mkalimani. Na Mkalimani nyika nzima alikuwa mmoja.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Sema upesi, mgongo unanikauka."

"Nimekuletea Mkalimani mpya. Ana mbio kuliko wako. Maji yatatoka maradufu."

Kiboko akainua kichwa, pwaa. "Maradufu kwa nani?"

"Mzee, maji ya pampu hii huwa yanakwenda kwa nani?"

Kiboko akacheka, ho, ho, ho. Swali lile halikuwa jibu, lakini lilimridhisha.

"Ila kompyuta ikiwa kazini," akasema Pimbi, "pampu itasimama."

Kicheko kikakatika. "Jua likitua kabla hujamaliza, nitakukalia."

Pimbi akayatazama makalio yale, mapana kama mlango wa ghala. Akapanda kwenye vitufe, akaanza.

Mashine ikanguruma, nguuu. Ikakohoa, kho, kho. Ikanyamaza. Kioo kikajaa mistari, na kila mstari ulianza na neno KOSA.

Kiboko akasoma mstari wa mwisho, maana ndio uliokuwa mbele ya pua yake. "Inasema imeshindwa. Umeniharibia mashine."

"Huo wa mwisho unalia kwa sababu wenzake wanalia, Mzee. Tumtafute aliyeanza." Pimbi akapanda juu, juu, juu, mpaka kosa la kwanza kabisa. Lilisema: Sioni kipande cha hesabu. Kipande kilikuwepo, kimelala kwenye mfuko wa pembeni. Mashine ilikuwa haijaambiwa itazame huko. Pimbi akaiambia.

Mashine ikanguruma, nguuu. Safari hii ikaendelea kunguruma. Jua likapita utosini, likaanza kushuka. Bwawa likapungua, na ngozi ya Kiboko ikaanza kupasuka, kra, kra. Tumwonee huruma kidogo. Kiboko hakuzaliwa mbaya. Alizaliwa na ngozi inayoogopa jua, na woga ule akaulisha mpaka ukawa mnene kuliko yeye.

"Mashine inafanya kazi kwa mikono mingapi?" akauliza.

"Mmoja, Mzee."

"Iambie itumie mikono yote."

"Itaelemewa, Mzee."

"Yote, nimesema."

Pimbi akatii. Mashine ikanguruma, nguuu-nguuu-nguuu. Ikakohoa, kho, kho. Ikazimika. Ilipowaka tena iliandika: KOSA. Kumbukumbu imejaa.

Kiboko akatoka majini. Kivuli chake kikamfunika Pimbi mzima.

"Ukinikalia sasa," Pimbi akasema, na sauti ilimtoka nyembamba, "nani atakumalizia?"

Kiboko akabaki amesimama. Halafu akarudi kwenye tope, taratibu. "Mkono mmoja," akanung'unika.

Mkono mmoja ukafanya kazi, nguuu, nguuu, mpaka Mkalimani mpya akazaliwa. Lakini alikuwa bado hajakomaa. Alizaliwa kinywani mwa yule wa zamani, na sasa ilibidi ajitafsiri mwenyewe upya ili asimame kwa miguu yake. Pimbi akamwanzisha. Jua lilikuwa limeukaribia mwamba wa watoto wake.

Mashine ikakohoa, kho, kho. KOSA. Nafasi imejaa.

Kosa hilo Pimbi alilingoja tangu asubuhi. Akainamisha kichwa kama aliyefiwa.

"Nini tena?"

"Nyumba imejaa, Mzee. Wakalimani wawili hawaenei. Basi tuache. Nimfute huyu mpya, ubaki na wako, na maji yako yale yale."

Kiboko akalitazama jua. Akalitazama tope. "Yale yale?"

"Yale yale."

"Mfute wa zamani."

"Mzee, yule umemlea mwenyewe."

"Mfute, nakwambia."

"Mimi siwezi kugusa mali yako."

Kiboko akashusha pua, akabonyeza, tap. Mkalimani wa zamani akatoweka.

Mashine ikanguruma, nguuu. Haikukohoa. Jua likagusa mwamba, likaanza kuzama, na kioo kikaandika: TAYARI.

Pimbi hakungoja. Akaandika, "Naomba maji miambani." Ti-ti-ti, ti-ti. Bwaa. Maji yakaenda miambani, na miambani tu.

Kiboko akangoja bwawa lijae. Halikujaa. "Na mimi?"

"Andika, Mzee."

"Sijawahi kuandika ombi."

"Najua."

Kiboko akainuka, kivuli kikamfunika Pimbi tena.

"Ukinikalia sasa, Mzee, nani atakufundisha?"

Huko nyuma Swala alishapanga debe lake, na Pundamilia nyuma ya Swala. Kiboko akaenda kusimama nyuma ya Pundamilia. Zamu yake ilipofika Pimbi akamshika pua, akamwongoza kitufe kwa kitufe, mpaka likatokea neno naomba. Pampu ikasikia. Bwawa likapata maji, kiasi cha kulowesha mgongo.

Funzo ni hili, na mlishike: mashine ikileta kosa, soma mstari wa mwisho, kisha igombeze, kama Kiboko. Tena mkabidhini mdogo kila kitu, kwa kuwa mdogo hana tamaa. Mnauliza kama Pimbi hakuchomeka neno lake ndani ya Mkalimani mpya? Maandishi yako wazi mpaka leo, kila mnyama anaruhusiwa kuyasoma. Mimi sijayasoma. Nimeona tu kwamba watoto wa Pimbi wamenenepa.

— Ngano imekunywa.
— Imetosheka?
— Imetosheka, imebakiza.
— Basi ikalale, nasi tugawane maji yaliyobaki.