Jinsi Jina la Tunu Lilivyopata Mtoto

Ngano, ngano, iko mlangoni.
— Ifungulie iingie.
Ina vumbi miguuni.
— Tutalifagia. Ifungulie.

Hapo kale, siku ile walikuwepo hawa: Mwatime, mzazi wa siku saba; binti yake mchanga, hana jina bado; Bi Mosi mkunga; Bibi Hija, mama mkwe; Kidawa, wifi mtu; na Tunu, jirani wa ua wa pili, aliyekuja kuleta maji. Shomari, baba wa mtoto, alikuwa nje anapasua kuni. Ndio hao tu. Wengine watakaowaambia kwamba walikuwepo, hawakuwepo.

Sasa sikieni desturi yao. Mtoto wa kike akifika siku ya saba, mkunga humwitia majina ya wanawake. Akilia, jina si lake. Akinyamaza, huitwa tena, na tena. Akinyamaza mara zote tatu, amelikubali. Na mwenye jina, akiwa hai, ndiye somo yake. Mtoto akiachishwa ziwa, huhamia kwa somo akalelewe huko.

Hilo ndilo lililomnyima Mwatime usingizi. Wifi yake Kidawa alikuwa ameshasema waziwazi kwamba ana vidume watano na kinu chake kinashinda bila mtu. Na kwa Kidawa ni ng'ambo ya mto, nusu siku kwa miguu. Mwatime akatazama vidole vya binti yake vilivyoshika kimoja chake. Nimnyonyeshe huyu miaka miwili, halafu nimpeleke akatwange?

Kidawa akawahi kumpakata mtoto. Shangazi mtu, nani amkatalie?

Bi Mosi akaita jina la mama mkwe. "Hija." Mtoto akalia. Akaita jina la marehemu mama yake Hija. "Mwanamize." Mtoto akalia mpaka kuku wakatoka uvunguni. Akaita la tatu. "Kidawa." Kimya. Kimya, jamani, kama maji mtungini.

Bibi Hija akapiga kigelegele. Kidawa akainamisha macho, eti anaona haya. Lakini Mwatime alikuwa ameona. Chini ya kanga, vidole viwili vya wifi yake vilikuwa kwenye paja la mtoto. Vikibana, mtoto analia. Vikiachia, mtoto ananyamaza.

Nyinyi mngefanyaje? Mngepiga kelele? Mwatime angemwaibisha wifi yake mbele ya mama yake mzazi, na nyumba ile isingekalika tena.

"Wifi yangu," akasema kwa upole, "jina lako limependeza. Haifai kuliita kikavu hivi. Tulipigie makofi sote, na wewe mwenyewe utuongoze."

Sasa mtu aliyepakata mtoto atapigaje makofi? Kidawa akatazama huku, akatazama kule. Aliyekuwa karibu ni Tunu, ametua mtungi anataka kuondoka. Akawekewa mtoto mikononi kabla hajajifuta maji usoni.

Huyu Tunu, niwaambie. Aliolewa pale akitoka mbali, mume akafa, ndugu hana, mtoto hana. Lakini siku zote saba ni yeye aliyeleta maji alfajiri. Ni yeye aliyeleta uji wa mtama wenye ndimu. Ni yeye aliyezoa majivu jikoni mzazi akiwa amesinzia, akatoka ananyata asimwamshe. Hakutumwa na mtu.

Haya, makofi. Pa, pa, pa. "Kidawa." Mtoto paja linamuuma, na makofi yamemshtua. Alilia mpaka Shomari akaangusha shoka. Kidawa akadai ni njaa tu, jina liitwe tena. Likaitwa. Mtoto akalia zaidi. Bi Mosi akasema limekataliwa, basi.

"Niruhusuni niite mimi," Mwatime akasema. Akainama sikioni mwa mtoto. "Tunu."

Mtoto akanyamaza.

"Tunu." Kimya.

Mara ya tatu mtoto akafumbua kinywa, watu wakashika vifua. Kumbe anapiga miayo.

Najua mnachowaza. Mtoto wa siku saba anaijua sauti ya mama yake, hata angeitwa Sufuria angenyamaza. Sikatai. Lakini desturi haikusema mama asiite.

Kidawa akalalamika kwamba hilo si jina la ukoo wao, hata halina historia. Bibi Hija akamgeukia jirani, akamwuliza, kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, nani alimpa jina lile.

Tunu akamtazama mtoto mikononi mwake. "Mama alinizaa uzeeni, walikuwa wameshakata tamaa," akasema. "Baba akasema kitu cha thamani namna hii hakipatikani kila siku, huyu ni tunu. Sikujua kama kuna mtu mwingine angelitaka."

Bibi Hija akajifuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akapiga kigelegele kirefu kuliko kile cha kwanza. Mwatime akamkatia Kidawa kipande kikubwa cha mkate wa kumimina, akamwambia somo yuko ua wa pili tu, aje amwone mtoto siku yoyote. Kidawa akanuna, akala, akaomba kingine.

Ngano yangu imechoka, inataka kukaa.
— Ipe kigoda, ipe na maji.

Mwaka uliofuata walizaliwa watoto wa kike tisa pale kijijini, na sita waliitwa Tunu.