Binti wa Nakundwa

Nipeni masikio, majibu yenu yakae kwanza. Kisa hiki kina wanawake watatu, na kila mmoja alikuwa na kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho.

Wa kwanza ni Mwanahawa, mke mkubwa wa Kajiru. Huyu alikuwa na neno. Akisema nakwenda, ameshakwenda.

Wa pili ni Bibi Tunu, mkunga. Nusu ya watu wa kile kijiji cha milimani Upare walipokewa na mikono yake, mpaka serikali ya kijiji ilipopiga marufuku kuzalisha nyumbani. Akaitwa ofisini, akaweka dole gumba kwenye karatasi kwamba hatazalisha tena.

Wa tatu ni Eliwaza, jirani yao. Yeye hakuwa na sifa ya kutangazwa. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi minne, na maziwa ya kutosha.

Sasa, Kajiru alikuwa na mke mdogo pia, Nakundwa, yatima wa miaka ishirini na miwili. Mtoto wake wa kwanza alifia tumboni. Alipobeba mimba ya pili, muuguzi wa zahanati alimwambia, "Wewe usijaribu kuzalia nyumbani. Huenda ukahitaji kupasuliwa." Kajiru alikuwa kule chini tambarare akichimba madini ya jasi. Alipopelekewa habari hiyo alijibu kwa simu: "Mke wangu hapasuliwi. Asitoke hapo mpaka nije."

Uchungu ulimshika Nakundwa asubuhi, siku ya gulio, wanaume wengi wameshuka sokoni. Kajiru akapigiwa simu, hapatikani. Akapigiwa tena. Jua likafika utosini, simu ni ile ile, haipatikani.

Hao wake wenza hawakuwa wakipendana. Waligawana ua, hawakugawana salamu. Lakini Mwanahawa alipomsikia mwenzake akilia kule ndani, aliacha kupepeta mahindi, akaita wanawake wanne, akawaambia wafunge machela.

Mdogo wake Kajiru akasimama mlangoni. "Shemeji, kaka amesema asitoke."

"Uchungu umemshika kaka yako au umemshika Nakundwa?"

"Akija atakuuliza wewe."

"Na aniulize. Pisha."

Akapisha. Wakateremka.

Walipofika karibu na nyumba ya Bibi Tunu, Nakundwa akapiga ukelele, na aliyembeba upande wa miguu akaona unyayo wa mtoto. Mtoto alikuwa anatanguliza miguu. Barabarani kunakopatikana gari la kwenda hospitali ni mwendo wa saa nzima.

Bibi Tunu alikuwa mlangoni kwake, amesimama tu.

"Bibi, njoo!" Mwanahawa akaita.

"Mwanangu, nimeweka dole kwenye karatasi."

"Karatasi haizai, Bibi!"

Yule mzee akaingia ndani. Wakadhani amewafungia mlango. Akatoka na beseni la maji na sabuni, akanawa mpaka viwikoni, akapiga magoti pale njiani. Alimgeuza mtoto taratibu, akakifungua kitovu kilichozunguka shingo. Mtoto hakulia. Akampulizia mdomoni mara moja, mara mbili, mara sita, hadi akalia.

"Ni mtoto gani?" Nakundwa aliuliza.

"Wa kike, mama."

"Pole yake," akasema.

Kondo la nyuma halikutoka. Damu ndiyo iliyotoka. Bibi Tunu akakandamiza tumbo, akawaambia wakimbie naye. Walikimbia. Nakundwa alikata roho kabla hawajaiona barabara.

Wakarudi na maiti na mtoto. Mtoto akawa analia kwa njaa, na maziwa ya kopo hayauzwi kijijini wala hakuna aliyekuwa na ng'ombe anayekamuliwa, maana ukame wa mwaka ule ulikuwa umekausha kila kitu. Eliwaza alikuja msibani na mwanawe mgongoni. Hakuna aliyemwomba. Aliketi kwenye mkeka, akafungua blauzi, akanyoosha mikono, akasema, "Nileteeni." Tangu siku hiyo akawa ananyonyesha wawili, na yeye mwenyewe anakula mlo mmoja kwa siku.

Hivyo ndivyo yule mtoto alivyopona. Sasa sikilizeni waliomponya walipata nini.

Kajiru alifika siku ya tatu. Mbele ya waombolezaji akamwambia Mwanahawa, "Umenitolea mke nyumbani bila idhini yangu, umemuua," akamtamkia talaka tatu. Miaka kumi na tisa ya ndoa iliishia pale, watu wakiwa na visahani vya wali mkononi. Mwanahawa akaenda kukaa katika ghala la kaka yake. Wifi yake alimwambia atamvumilia mpaka mavuno. Mahindi yakivunwa, ghala litahitajika.

Bibi Tunu alishtakiwa. Akawekwa mahabusu siku kumi na moja, akarudi amekonda, hatazami watu machoni. Wale wale aliowapokea duniani wakaanza kupita njia ya chini wasikutane naye. Wakasema mikono yake ina mkosi. Wengine wakasema neno baya zaidi ya hilo.

Na Eliwaza? Maziwa yalianza kupungua. Mwanawe akawa mwepesi, mbavu zikahesabika. Ilipokuja surua, ilimkuta hana nguvu, ikamchukua kwa siku nne. Je, angepona kama angenyonya peke yake? Daktari hakusema. Mimi pia sijui. Mumewe anaamini anajua, na tangu mazishi hajamwita mkewe kwa jina.

Mtoto wa Nakundwa sasa ana miezi minane. Analala ghalani kwa Mwanahawa. Eliwaza hupita mara mbili kwa siku akijifanya anakwenda mtoni, akamnyonyesha, akaondoka bila kumtazama usoni. Bibi Tunu ndiye anayemkanda na kumchemshia dawa kifua kikibana.

Kajiru ameshaoa mwingine. Ameleta ujumbe: aliyemuua mama yake akizaliwa, hamtaki kwake.

Ndipo akaja afisa ustawi wa jamii, mama mmoja mpole, na fomu. Akawakusanya wale watatu uani kwa kaka yake Mwanahawa, akasema, "Naweza kuandika mlezi mmoja tu. Asipopatikana, Alhamisi ninampeleka kituo cha watoto mjini."

Mwanahawa akasema, "Niandike mimi. Ningetii amri ya mume, angefia tumboni. Sina ndoa wala nyumba, na wanangu wamemfuata baba yao. Nimebakiwa na huyu tu."

Bibi Tunu akasema, "Mimi nina nyumba, na kishamba nyuma yake. Alikuwa amekufa mikononi mwangu, nikampa pumzi yangu. Najua atakayekulia kwangu ataitwa mtoto wa mchawi. Lakini atalala pasipovuja."

Ikawa zamu ya Eliwaza.

"Mume wangu amesema nikimleta, nitoke," akasema. "Mimi siwezi kumtazama huyu mtoto. Na kumwacha siwezi. Maziwa ya mwanangu yamo ndani yake. Mkimpa mwingine, mwanangu alikufa kwa ajili ya nini?"

Afisa akainamisha kichwa. "Mama zangu, mtoto si zawadi ya kumtuza mtu."

"Basi tupe kingine," Mwanahawa akajibu.

Hakuwa nacho.

Wanakijiji waliokuwa wamesimama kando wakaanza kugawanyika. Wako waliosema bila Mwanahawa kusingekuwa na safari. Wako waliosema bila mikono ya mzee safari ingeishia kaburini kwa wote wawili. Wengine wakasema kuzaliwa ni siku moja, kunyonya ni kila siku. Walibishana mpaka kuku wakaingia kulala, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejitolea kumpokea Mwanahawa kwake, au kumsalimu Bibi Tunu, au kwenda kuzungumza na mume wa Eliwaza.

Mtoto alikuwa amekaa katikati ya mkeka, akitafuna kona ya khanga, hata hajui ya nani.

Alhamisi ni kesho. Fomu ina mstari mmoja, na mimi nimeshindwa kuujaza. Wewe uliyesikia yote haya, ungeandika jina la nani? Na hao wawili watakaobaki, ungewaambia nini?