Dau la Tatu la Fisi

Mwaka huo mawingu yalikuja, yakachungulia, yakaenda zao. Mto ukageuka njia ya mchanga, na wanyama wa bondeni wakabaki na kisima kimoja tu walichokichimba kwa kwato na kucha kwenye korongo. Kila walipokigombania, maji yaligeuka tope. Ndipo Simba, aliyependa amri zake zisifiwe kuliko zifae, alipotangaza kwamba tangu siku hiyo maji yatachezewa karata.

Karata zenyewe waliziokota kwenye kambi ya wawindaji waliohama. Kila asubuhi wakubwa wa kila ukoo waligawiwa kokwa za ukwaju kwa usawa, na kokwa moja ilikuwa kibuyu kimoja cha maji. Jioni ulikunywa kadiri ya kokwa ulizobaki nazo, wewe na watu wako.

Mchezo ulikuwa mwepesi. Kila mmoja alipewa karata mbili kifudifudi. Wawili walioketi kushoto kwa mgawaji walilazimika kuweka dau kabla ya kutazama karata zao: wa kwanza kokwa moja, wa pili mbili. Hilo waliliita dau la gizani, na bila hilo kila mmoja angekaa akisubiri karata nzuri mpaka jua lizame. Wengine walitazama, kisha wakalipa mbili, wakapandisha dau, au wakatupa karata. Mwishoni waliobaki walifunua. Jozi, yaani karata mbili zinazolingana, ilishinda, na pasipo jozi, karata kubwa.

Walicheza wanne: Simba, Ngiri mwenye watoto wengi, Sungura, na Fisi. Hao watatu wakienda nyumbani na maji ya kutosha, Fisi alikosa usingizi.

Siku moja akasema, "Mfalme, mchezo huu ni wa kuku. Kokwa mbili! Naomba niweke dau la tatu gizani, kokwa nne, kila nitakapojisikia. Kwa ushujaa huo, mimi niwe wa mwisho kuamua."

"Na sisi?" Ngiri akauliza.

"Ninyi mtalipa nne mkitaka kuingia. Au mnaogopa?"

Simba hakupenda kusikia neno kuogopa karibu na jina lake. "Nani anaogopa? Iwe hivyo."

Tangu hapo Ngiri akaanza kuumia. Yeye alikuwa mchezaji wa subira. Alitupa karata mbovu na kungoja nzuri. Lakini sasa bei ya kuingia ilikuwa imepanda maradufu, na kokwa alizokuwa nazo ni zilezile. Akiingia mara chache akashindwa, siku imekwisha. Asipoingia, madau ya lazima yalimla kidogo kidogo. Simba naye, kwa kuona aibu kutupa karata mbele ya Fisi, aliingia na takataka yoyote. Jioni Fisi aliondoka tumbo likiwa kama ngoma, na watoto wa Ngiri wakalamba mawe yenye umande.

"Sungura," Ngiri akasema kwa hasira, "huyu ana bahati gani?"

"Dada, umemtazama pua?" Sungura akajibu. "Kabla ya kuweka dau, huinama kuzinusa karata zake. Anadai anaziombea dua. Pua inainua kona, jicho linasoma. Karata zikiwa nzuri, anajisikia shujaa. Zikiwa mbaya, anaumwa tumbo."

"Nitamchoma kwa pembe zangu sasa hivi!"

"Umchome, halafu aseme umeshindwa ukaleta fujo? Kaa. Kesho cheza nitakavyokwambia."

Kesho yake Sungura akainama mbele ya Simba. "Mfalme, dau la tatu limeupa mchezo wetu hadhi. Naona haya kuona jambo kubwa hivi likitegemea tumbo la mtu. Liwe sheria. Kila mzunguko liwekwe, na liwe la Fisi peke yake, kwa kuwa ndiye aliyelibuni. Na ili tendo la kishujaa lionekane vizuri, aliweke kabla karata hazijagawiwa."

Simba akatikisa manyoya ya shingo. Sheria ilikuwa nzuri. Ilifanana na ya kwake. "Bwana Fisi, unakubali heshima hii?"

Fisi alifungua mdomo kukataa. Kisha akawaza kokwa nyingi zikirundikana kila mzunguko, na yeye akiamua wa mwisho kila mzunguko. Mate yakamtoka. "Nakubali, Mfalme! Nani mwingine anastahili?"

Mchezo ukaanza. Fisi akaweka nne, karata zikagawiwa, akazinusa zake: tatu na nane. Akaweka nne tena: mbili na sita. Sasa giza lilikuwa giza kweli.

Sungura alikuwa amemnong'oneza Ngiri maneno machache. "Usiingie kwa kubahatisha. Lakini ukipata karata kubwa, usilipe nne tu. Pandisha kwa nguvu. Ameshatia nne zake, na Fisi hajawahi kuacha mfupa alioutia mdomoni."

Ndivyo ilivyokuwa. Sungura alipandisha, Fisi akazitazama kokwa zake nne katikati pale, roho ikamuuma, akalipa kumfuata na karata za aibu. Akashindwa. Ngiri akapandisha, Fisi akafuata. Akashindwa.

"Tupa hizo karata, bwana," Simba akamwambia, akipiga miayo.

"Nitupe kokwa zangu nne bure?" Fisi akafoka.

"Kwa hiyo unazipelekea wenzao kumi?" akauliza Sungura.

Jua lilipoanza kuinama, Ngiri alipata jozi ya tisa. Akasukuma mbele kokwa zake zote. Fisi akatazama karata zake: mbili na saba. Akatazama kokwa zake nne. Akasukuma zote zilizobaki.

Wakafunua. Simba alicheka mpaka akasahau kwamba wafalme hawacheki mbele za watu.

"Mfalme," Fisi akalia, "nikopeshe japo moja. Au tuifute ile sheria!"

"Uifute heshima niliyokupa?" Simba akanguruma. "Mbele ya watu wote hawa?"

Watoto wa Ngiri walikunywa mpaka wakalala palepale, miguu juu. Walipomaliza, Ngiri alimsogezea Fisi tope lililobaki ndani ya kibuyu, naye akalilamba bila kushukuru.

Kwa hiyo, ewe msomaji, mwenye kupandisha bei ili awakomoe wenzake aangalie kwanza nani atakayeilipa kila siku. Fisi hakuliangalia hilo. Mpaka leo ukimkuta atakwambia karata zilimchukia. Karata hazimjui hata jina.