Kanusho la Bwana Shangali

Chausiku aliandika kwenye tovuti yake kwamba hosteli ya Bwana Shangali inavuja na kunguni wake wana afya kuliko wapangaji. Hakuna aliyesoma, ila Shangali mwenyewe. Alikuja kitambi kikitangulia.

"Futa, binti, au leo unalala nje!"

"Nikifuta, mzee, watasema ni kweli. Wewe una tovuti za hoteli, shule, redio. Kanusha kote, weka na kiungo cha ukurasa wangu, wajionee ninavyoropoka."

"Kumbe una akili!"

Baada ya wiki, kila aliyetafuta jina la Shangali mtandaoni alikuta ukurasa wa Chausiku juu kabisa.

"Umenifanyia uchawi gani?"

"Mtandao humpandisha anayeelekezewa na wakubwa, mzee. Kila kiungo ni kura, nawe umenipigia zote. Ziba paa, nitaandika limezibwa."

Mafundi walipanda asubuhi.